Vioo vya Kwapani

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, mama mdogo huchukua vipande vinne vya kioo, vyembamba, kila kimoja urefu wa kidole, huvifunga ndani ya leso nyeupe na kuvibana kwapani upande wa kushoto. Kuanzia hapo mkono ule haufanyi kazi nyingine. Chai huimimina kwa mkono wa kulia na kuikoroga kwa huohuo, na mkate huupaka siagi kwa ujanja anaoujua mwenyewe. Jirani yetu wa mlango wa pili, alipohamia, alikaa miezi miwili akimpa pole. Siku moja akajikaza akamuuliza, "Dada, samahani, huu mkono ulipooza lini?"

"Haujapooza," mama mdogo akamjibu. "Umeajiriwa."

Mumewe, baba mdogo, ni dereva wa lori la maziwa, na ana maneno yake. "Wenzangu wameoa wanawake. Mimi nimeoa nyumba yenye madirisha."

Vioo hivyo ni vya hadubini. Mama mdogo hupima madume ya mbegu kwenye kituo cha mifugo kilicho mwisho wa barabara yetu. Kila chama cha wafugaji hupewa dume mmoja awapandie majike wao, na akiwapo kazini hakuna dume anayetoka getini bila kupita mikononi mwake. Huanzia kwenye kwato, kwa sababu dume mwenye mguu mbovu hawezi kupanda hata kama mbegu zake ni dhahabu. Huangalia macho na meno. Kisha huinama nyuma ya mnyama, huzishika korodani moja moja, huziminya taratibu kama mtu anayechagua parachichi, na kuzizungushia utepe wa fundi cherehani. Mwisho kabisa ni tone la mbegu juu ya kioo.

Mtaani wanamwita Daktari wa Chini. Aliyeanzisha jina hilo alidhani atamwona akificha uso. Wiki hiyohiyo mama mdogo alilipaka kwa rangi nyekundu kwenye ndoo yake ya kazi, herufi kubwa, na kila asubuhi hupita nalo katikati ya barabara. Si daktari, na huwa hakubali kuitwa hivyo na watu wa ofisini. Alisoma cheti cha miaka miwili. "Mimi mpimaji," husema. "Daktari anatibu. Mimi nasema tu kilichopo."

Kuhusu kwapa, hiyo ni habari ya zamani, na kituoni kila mtu anaijua kwa sababu aliiandika yeye mwenyewe.

Mwaka wake wa tatu kazini, asubuhi ya baridi ya kutoa mvuke mdomoni, alivipanga vioo vyake juu ya saruji ya dirisha akaenda kumpima dume mwekundu, tegemeo la kituo kizima. Aliporudi aliweka tone, akachungulia. Kimya. Akachukua kioo cha pili kutoka dirisha lilelile, akaweka tone jingine. Kimya. Akaandika HAFAI. Dume akapelekwa machinjioni kabla wiki haijaisha.

Mbegu ya dume ikiguswa na kioo baridi huzubaa. Mama mdogo alifundishwa hilo chuoni, akalijibu kwenye mtihani, akapata alama zake, akalisahau dirishani. Wale majike kumi na wawili ambao dume mwekundu alikuwa amewapanda kabla ya kupimwa walianza kufura matumbo mmoja baada ya mwingine. Kumi na mmoja walizaa. Ndama kumi na mmoja wekundu, kila mmoja na doa jeupe kwenye paji la uso kama baba yake.

Hakuna aliyemuuliza. Wengine walisema tu dume yule alikuwa na bahati mbaya. Mama mdogo akalifungua daftari kubwa la madume, akarudi kwenye ukurasa ule, akaandika pembeni: Nilikosea. Kioo kilikuwa baridi. Akatia saini na tarehe.

Mwenzake wa maabara alijishika kichwa. "Umejichongea mwenyewe! Nani alikuuliza?"

"Kurasa nyingine zote ni zangu," mama mdogo akamwambia. "Nani ataziamini kama huu nimeuacha hivyo?"

Tangu siku ile vioo hulala kabatini na kuamkia kwapani. Kituo baadaye kililetewa kisanduku cha umeme cha kupashia vioo, kizuri, chenye taa ya kijani. Alikishukuru, akakifunika kitambaa kisiingie vumbi.

Mwaka huu kulikuwa na dume aliyeitwa Jemadari. Mweupe, shingo kama gogo, kilo mia saba na ushei. Ukimwona amesimama utadhani ndiye mwenye kituo na sisi wengine ni wageni wake. Meneja alimpiga picha akiwa ameshika kamba yake, na picha ikachapwa kwenye kalenda, miezi kumi na miwili yote chini ya uso wa Jemadari, na maandishi: Dume Bora wa Mwaka. Kalenda ilikuwa imeshafika hata kwenye ofisi za watu wa mbali. Kilichobaki ni kumpima.

Meneja huyu ana umri wa mtoto wa kwanza wa mama mdogo, kwa hiyo humwamkia kila siku, hata siku wanazogombana. Ana mihuri saba mezani, imepangwa kwa ukubwa. Siku moja kabla ya ugawaji wa madume alimwita ofisini. Jioni hiyo mama mdogo alitusimulia yote, huku akisugua ndoo yake uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hii fomu ya Jemadari ina kosa. Umeweka alama kwenye kisanduku cha HAFAI."

"Ndicho nilichokusudia."

"Mama, kalenda imeshachapwa."

"Kalenda haipandi ng'ombe."

Meneja akacheka kidogo, akitumaini ni utani. Akamwonyesha dirishani, dume alipokuwa amesimama juani. "Lakini mwangalie! Mnyama wa kilo mia saba!"

"Kilo ni habari za bucha. Mimi nimepima sentimita. Dume wa umri ule na mwili ule asipungue thelathini na nne. Huyu ana thelathini. Korodani ya kulia ni laini kama nyanya iliyolala sokoni siku tatu. Mbegu zake chache, na hizo chache mikia imejikunja. Mmemlisha pumba apendeze pichani, mafuta yamejaa mahali panapotaka ubaridi. Apunguzwe chakula, atembezwe kila siku, nitampima tena baada ya siku sitini. Nimeandika hapo chini."

"Wafugaji hawana siku sitini za kungoja."

"Mwaka wa kupoteza ndio wanao?"

Meneja akasogeza muhuri mmoja, akaurudisha ulipokuwa. "Naweza kumpata mwingine wa kutia saini."

"Mpate. Ila asiandike jina langu."

Baba mdogo alisikiliza akiwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Nyumba tunayoishi ni ya kituo. Alitazama mlango, akatazama paa, kisha akasema taratibu, "Mke wangu, mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Wewe hata matunda huna. Una vioo tu."

"Basi wakirusha mawe tutasikia mlio," mama mdogo akasema, akaigeuza ndoo ikauke.

Siku ya ugawaji umeme ulikatika tangu alfajiri. Mabenchi yalipangwa mbele ya zizi, na wafugaji walijaa hadi kwenye uzio. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na lori la baba mdogo. Jemadari alikuwa ameoshwa, kwato zimepakwa mafuta, utepe mwekundu shingoni. Pembeni, kwenye zizi dogo, alikuwapo Kapuku, dume mweusi mfupi, pembe moja imevunjika, kovu la upele mgongoni, asiyepigwa picha na mtu. Mama mdogo alimpima juzi yake: sentimita thelathini na sita. Lakini Kapuku hakuwamo kwenye orodha ya kutoka.

Aliyekuja kumpokea Jemadari ni Mama Pacha, mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa bondeni, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mwaka uliopita, mama mdogo akiwa likizo, chama chake kilipewa dume aliyepigwa muhuri bila kupimwa. Ng'ombe thelathini na mmoja walipandwa. Walizaliwa ndama wawili. Kulikuwa na nyumba bondeni ambako watoto walisahau rangi ya maziwa.

Meneja alitoa hotuba. Alipofika kwenye kukabidhi kamba, Mama Pacha hakunyoosha mkono.

"Ngoja kwanza, baba. Daktari wa Chini amempima huyu?"

"Amempima, mama yangu. Ikatokea hitilafu ndogo tu ya kioo." Meneja akageukia watu. "Na si mara ya kwanza, ndugu zangu. Wenyeji wanamkumbuka dume mwekundu." Akalitoa daftari kubwa chini ya meza, akalifungua mahali alipoweka karatasi, akasoma kwa sauti: "Nilikosea. Kioo kilikuwa baridi. Haya si maneno yangu. Ni saini yake."

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Mama mdogo alikuwa amekaa benchi la wafanyakazi, mkono wa kushoto umebanwa ubavuni kama kawaida. Akainuka, akaenda hadi mbele na ndoo yake. Hakuonekana kuwa na haraka.

"Amesoma vizuri, na sijabadili neno," akasema. "Nilikosea, dume wa watu akachinjwa. Ndiyo maana hapa hakuna anayeijua baridi ya kioo kunishinda mimi. Vioo nilivyompimia Jemadari vilitoka hapa." Akajigusa kwapani. "Kama mnasema kwapa langu ni baridi, semeni."

"Si baridi!" baba mdogo akapaza sauti kutoka dirisha la lori. "Shahidi mimi, miaka ishirini na sita!"

Kicheko kikapasuka. Jana yake alikuwa akilihesabu paa, leo alikuwa ametoa nusu ya mwili nje ya lori. Mama mdogo alisubiri kelele zipungue, akachukua vioo viwili safi kutoka kwenye pakiti mpya, akaonyesha watu pande zote mbili, akavifunga kwenye leso na kumpa Meneja.

"Vipashe wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kwapani. Dakika kumi. Kimoja cha Kapuku, kimoja cha Jemadari. Joto lako mwenyewe, baadaye usije ukalilaumu."

"Mama, si kipo kisanduku cha umeme?"

"Umeme umekatika. Kwapa halikatiki."

Meneja akaangalia huku na huku. Kutoka mabenchini wakaanza. "Fungua koti, Meneja!" "Au leo hukuoga, baba?" "Tukusaidie tai?" Mama Pacha akamshikia daftari, kwa heshima zote, ili mikono ibaki huru. Kijana wa watu akafungua vifungo viwili, akaingiza leso, akabana. Akabaki amesimama mbele ya watu na kiwiko kimegandamana na ubavu, sawasawa na mwanamke anayechekwa kila asubuhi.

Mama mdogo hakumtazama tena. Jike mpole alifungwa kwenye kibanio cha mabomba, na Kapuku akaletwa. Ndipo wanaume wengi walipogundua kwamba mawingu ya siku hiyo yanavutia. Wanawake walitazama kazi. Kapuku hakungoja kubembelezwa. Alipanda mara moja, na mama mdogo, aliyechuchumaa ubavuni na mpira mrefu wa kukingia mbegu, wenye maji ya uvuguvugu, akapata alichokuwa anakitaka kabla watu hawajamaliza kukohoa. Kichupa chenye mbegu akakitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya joto lilelile.

Jemadari alikuja kwa mwendo wa gwaride. Akamnusa jike. Akaweka kidevu mgongoni kwake, akafikiri. Akapanda, akateleza, akashuka. Akapanda tena, akashuka, akahema.

"Kalenda imechoka," mtu akasema.

Ilimchukua mara nne. Kisha mama mdogo akaiweka hadubini juu ya meza, ile ya zamani yenye kioo chake cha chini cha kunasa mwanga, akakigeuza kuelekea jua. "Lete vioo," akamwambia Meneja.

Meneja akavitoa. "Vina jasho."

"Vifute. Jasho si baridi."

Tone la Kapuku likawekwa kwanza. Mama Pacha akaitwa. Aliinama, akafumba jicho lisilotakiwa, akasahihishwa, akafumba lile jingine. Kisha akaruka nyuma kama aliyeguswa na moto.

"Mama yangu! Ni siafu waliomwagiwa maji!" Akarudi kuchungulia. "Vinazunguka, vinafukuzana! Sasa hivi vyote ni vyake huyu kipembe?"

"Vyote," mama mdogo akasema. Akabadilisha kioo, akaweka tone la Jemadari.

Mama Pacha akainama tena. Safari hii alikaa sana.

"Huku mbona kama msibani?" akauliza. "Naona kimoja kinajikokota. Kingine kinajizungusha palepale. Vingine vimelala."

Foleni ikajipanga yenyewe. Kila aliyechungulia alikuwa na neno, na hakuna aliyekuwa na neno jema kwa Jemadari. Wa mwisho alikuwa Meneja. Aliinama akachungulia kwa muda mrefu kuliko wote, na alipoinua kichwa kulikuwa na duara jekundu kuzunguka jicho lake. Nilidhani atasema kitu. Aliona, hilo sina shaka.

"Hii si namna ya kufanya kazi za ofisi," akasema. Akachukua muhuri, akautia mfukoni. "Ugawaji umeahirishwa."

"Tupe Kapuku basi," Mama Pacha akasema.

"Hayumo kwenye orodha."

"Basi tutamngoja awemo. Hatuondoki na kalenda sisi, ng'ombe wetu hawajui kusoma. Na fomu yake ije na saini ya huyu mama. Mihuri yenu tumeshaizaa. Ndama wawili."

Barua ilifika siku ya pili yake. Mama mdogo amesimamishwa kazi kwa kudhalilisha uongozi hadharani, hadi hapo itakapoamuliwa. Ndani ya bahasha hiyohiyo kulikuwa na karatasi nyingine, imeshachapwa, inangoja saini tu: kwamba alipompima Jemadari mara ya kwanza kioo kilikuwa baridi, kwamba anaomba radhi, kwamba matokeo yafutwe. Akitia saini, Jumatatu anarudi kazini na nyumba inabaki.

Baba mdogo aliisoma mara mbili. Aliikunja kwenye mikunjo yake ileile, akaiweka mezani mbele ya mkewe, akampa kalamu. Ningekuwa mimi sijui ningefanya nini.

Mama mdogo akaandika mstari mmoja chini ya maandishi ya mashine, akatia saini na tarehe, akaturuhusu tusome kabla hajairudisha kwenye bahasha: Kioo kilikuwa na joto. Mara ya kwanza langu, mara ya pili la Meneja.

Baba mdogo alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaenda dukani kuomba maboksi matupu.

Hii ni wiki ya tatu. Maboksi yamepangwa ukutani, mawili yameshajaa vyombo. Baba mdogo ameenda kuangalia vyumba viwili vya kupanga, kimoja kinavuja. Mwenzake wa maabara aliambiwa ampime Jemadari upya na kutia saini. Akasema mkono unamuuma. Vyama vingine vitatu vimeandika kuomba fomu zenye saini ya Daktari wa Chini, na hakuna dume aliyetoka getini. Jemadari yumo zizini. Wanasema amepunguziwa pumba, na kwamba jioni kuna mtu humtembeza, ingawa hakuna aliyetoa amri hiyo kwa maandishi. Kituo hakijampigia mama mdogo simu.

Naye kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, hufungua kabati, hufunga vioo vinne kwenye leso, hubana. Chai humimina kwa mkono mmoja. Saa mbili, wakati ambao zamani angekuwa barabarani na ndoo yake, hukaa kwenye ngazi ya mlango, ndoo iko pembeni, herufi nyekundu zikitazama geti la kituo. Jioni huvitoa, huviosha, huvirudisha.

Mimi si mwepesi wa kuuliza. Siku zote hizo nilikuwa nimesikiliza tu. Leo asubuhi, nilipomletea kikombe pale kwenye ngazi, na kumwona amebana mkono kama aliye na miadi, swali likanitoka.

"Mama mdogo, vioo vya nini, na kazini huendi?"

Alimeza chai kwanza.

"Watakuja kuniita," akasema. "Wakija, sitaki kuwakalisha dakika kumi."